Jamaa wa bunduki za kuzamia amenitukana mbele ya watu, na mtutu wake ndio umepinda

TewaMtu:
Wadau, hamjambo? Mimi sijambo nusu. Nimetoka pwani sahi hii na mikono bado inatetemeka. Yule jamaa wa bunduki za bei poa, mnamjua, simtaji, anayekaa pale magari ya samaki yanapopakia na haachi kutafuna. Ananiambia MIMI, mbele ya wazee, mbele ya mama wa viazi vya karai, ati mtutu umenyooka kuliko wewe. Kuliko mimi!

Hiyo bunduki ukilenga changu hapa Mayungu mshale unaenda kuua changu wa Kismayu. Kushoto. Kila mara kushoto. Nimefunga mtungi wa lita tano chini kwa jiwe, nikakaa karibu mpaka aibu, mtungi uko hapo unaniangalia, napiga, kushoto. Nikatia mshale wa bro, kushoto vilevile. Nikachukua wangu nikautia kwa bunduki ya bro, mtungi ukatoboka katikati tena wa watu. Sasa likiwa jicho langu ndio bovu si mshale ungetawanyika, mara juu mara kulia? Huu unaenda pahali pamoja tu, hata kupotea unapotea kwa adabu. Nikavuta uzi wa kushonea nyavu toka triga mpaka mdomo wa mtutu, katikati kidole gumba kinapita. Hiyo paipu ya aluminiamu naapa ilitundikiwa pazia kabla haijawa bunduki.

Nikampelekea kwa heshima, shikamoo nimetoa. Akafumba jicho moja akachungulia, watu kimya, akageuka: "Mwanangu, huu umenyooka kuliko wewe." Mzee ambaye hajacheka tangu El Nino ya 1997 alicheka mpaka akashika ngalawa. Halafu ananisomesha, ati maji yanadanganya macho, samaki huonekana mkubwa na karibu. Kwani nimeanza kuzama jana? Maji yanakuza, hayapeleki kushoto! KULIKO MIMI wallahi.

kolekole254:
Weka picha ya uzi kwa mtutu. Na yako ukiwa umesimama, tulinganishe.

BintLangoni:
😂😂😂 mama wa viazi alisema nini?

TewaMtu:
Alisema "pole babangu" lakini bega lilikuwa linacheka.

pono_wa_mwamba:
Bro hizo bunduki zimekatazwa na sheria ya uvuvi Kenya, wewe unafungua uzi na kutaja mahali. BMU, wale wa kamati ya usimamizi wa ufuo, wako humu ndani wanasoma. Utamshtaki wapi huyo jamaa, kituoni? Utaingia kulalamika ubaki huko huko.

TewaMtu:
Kwani nimesema nimepiga samaki? Nimepiga mtungi. Tena kwa bunduki yake sikuupata.

pono_wa_mwamba:
Basi sawa. Hifadhi ya bahari ya Malindi inalinda samaki tangu 1968, wa nje walikuwa hawana mtu, sasa wamekupata wewe.

mzamo_mmoja:
Mimi aliniuzia mipira miwili ya kurushia mshale, mmoja una nguvu mwingine umelala, mshale unatoka ukicheza chakacha. Nikarudisha akasema nizoee. Yaani nizoee mpira. Lakini TewaMtu nakujua, huyo jamaa kuhusu mgongo wako hakukosea sana.

TewaMtu:
Wewe pia!! Mgongo wangu unaingiaje kwa mambo ya paipu?

ShelaBoy:
Nyinyi wa Malindi mnalia paipu. Huku kwetu Lamu kuna tajiri mmoja wa kamba mawe, mizani yake ukipanda mwenyewe unashuka umekonda. Mke wangu ameng'ang'ania akapimwe pale kabla ya harusi ya mdogo wake. Na ukilalamika anakuonyesha stika ya ukaguzi iliyofutika mpaka haina mwaka.

BintLangoni:
Yule! Kaka yangu alimpelekea pweza, alipofika kwa mizani nusu ya pweza ilikuwa imehama.

kolekole254:
Mizani afadhali, barafu je? Yule wa barafu anauza maji yenye kumbukumbu ya baridi. Juzi nimefungua boksi nguru anaogelea.

ShelaBoy:
Wa kwenu pia anapimia kwa ndoo iliyopigwa ngumi?

kolekole254:
Ndoo hiyo hiyo, ngumi chini kabisa. Na akikuona umechangamka kidogo bei inapanda.

TewaMtu:
Jamani turudi kwa mtutu

mzamo_mmoja:
Wa barafu nani, huyo wa geti la bluu? Amefungua saa hii? Nina kolekole watatu kwa gunia wananiangalia vibaya.

BintLangoni:
Amefunga, ameenda kuswali. Jaribu nyuma ya stage, lakini beba ndoo yako mwenyewe.