Tupeane uzoefu: mtoto akipotea, maneno ya watu yanaharibu nini hasa?

Mshika Taa (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Mtoto akitangazwa kupotea, jua halijazama watu wameshagawana kambi. Hawa wanamtaja baba wa kambo, wale wanasema mama hajalia vya kutosha, wengine wameshampata jirani asiyesalimia watu. Sitaki tujadili kesi iliyopo mezani wala visa vya "mtoto wa dada yangu". Nawaomba mnaoijua hii kazi, yaani upelelezi, utafutaji, uendeshaji wa makundi na sheria, mtueleze uvumi unaharibu nini, kwa njia gani, na mtu wa pembeni afanye nini.

Kachero Mstaafu
Nianze na lile linalowaudhi wengi: "polisi wanaficha kitu." Ni kweli wanaficha, na lazima wafiche. Katika kesi ya namna hii mpelelezi huweka kando mambo mawili matatu ambayo hayasemwi hadharani, mfano rangi ya soksi au kitu kilichokutwa karibu na dirisha. Kesi ikishavuma hujitokeza watu wanaokiri wasichokifanya, na matapeli wanaopiga simu wakidai wanaye mtoto na wanataka pesa. Anayelijua lile lililofichwa ndiye wa kusikilizwa kwanza. Sasa shangazi akiandika kwenye kundi kwamba kiatu kimoja kilibaki barazani, kipimo hicho kimekufa. Kuanzia hapo kila tapeli anakijua kiatu.

La pili ni wingi wa taarifa. Kila taarifa inaandikwa, inapewa namba, inapangiwa mtu, inafuatwa, kisha inafungwa. Watu mia mbili wakipiga simu kusema "yule mjomba simwelewi", zote mia mbili zinasomwa, kwa sababu moja kati yao inaweza kuwa na neno la maana. Saa hizo zinatoka kwenye kazi nyingine. Na saa ndizo zenye thamani: utafiti wa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, uliosasishwa mwaka 2006, ulionesha kuwa kati ya watoto waliotekwa na kuuawa, takribani 76% waliuawa ndani ya saa 3 za mwanzo. Ndiyo maana ile habari ya "subiri saa 24 ndipo uripoti" ni uongo wa hatari. Ripoti papo hapo.

Taarifa nzuri ni fupi: uliona nini kwa macho yako, wapi, saa ngapi, umeijuaje hiyo saa (ulikuwa umetoka kazini? ulikuwa kwenye simu?), na nani alikuwa nawe. Usianze na jina la unayemshuku. Na usipitie kwanza maoni ya watu kabla ya kutoa maelezo yako. Shahidi aliyeona gari la kijivu, akisoma mara kumi kwamba lilikuwa jeusi, atakuja kuapa kuwa ni jeusi, na wala hadanganyi.

Binti Mwalimu
Kachero, hapo kwa wazazi. Mbona wao ndio huhojiwa kwanza, nyumba ikapekuliwa, halafu mnatuambia tusiwashuku?

Kachero Mstaafu
Dada, wanaanzwa kwa sababu ndio waliomwona mtoto mara ya mwisho, na nyumbani ndipo watoto wengi hupatikana. Upekuzi wa kwanza unamtafuta mtoto mwenyewe: chini ya kitanda, kabatini, nyuma ya mapazia, ndani ya mashine ya kufulia, friza iliyozimwa, buti la gari, tangi la maji, shimo lolote. Mtoto mdogo akiogopa atajificha, akichoka atalala, na akiitwa na sauti asiyoijua anaweza asiitike kabisa. Mzazi amekwishatazama, ndiyo, ila mtu mwenye hofu hutazama bila kuona. Kwa hiyo gari la polisi likisimama mlangoni kwa muda wa saa nne haina maana kwamba mtu anashukiwa. Picha ya gari hilo ikirushwa mtandaoni na maneno "mambo yameiva", hapo ndipo familia inapoacha kusema, na familia ikinyamaza tunapoteza chanzo kikuu cha taarifa.

Karani wa Mahakama
Kuhusu machozi, someni kesi ya Azaria Chamberlain. Mtoto wa wiki 9, alitoweka usiku wa tarehe 17 Agosti 1980 kwenye kambi karibu na mwamba wa Uluru, Australia. Mama yake, Lindy, alisema amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa kule. Watu wakamtazama kwenye runinga wakaona mkavu. Wakasema mtoto alikuwa akivalishwa nguo nyeusi, wakaingiza na mambo ya dini ya familia. Oktoba 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kilichoitwa damu ya mtoto, iliyorukia chini ya dashibodi ya gari, baadaye kilibainika kuwa kemikali ya kupunguza kelele iliyopuliziwa gari kiwandani. Februari 1986 koti la mtoto likapatikana eneo lenye mapango ya dingo, mama akaachiwa. Hukumu ilifutwa 1988, na Juni 2012 ndipo mchunguzi wa vifo aliposema rasmi kuwa ni dingo. Miaka 32 kwa jumla.

Anayejua jinsi mshtuko unavyofanya kazi hashangai. Kuna anayelia, kuna anayeganda, kuna anayeongea kama anasoma taarifa ya habari, kuna anayecheka pasipo mahali pake. Tena wapo wazazi wanaoshauriwa wajizuie mbele ya kamera, kwa hofu kwamba aliyemchukua mtoto anatazama. Mtazamaji wa sebuleni hajui lolote kati ya hayo.

Fundi Mitambo
Mimi niguse "ushahidi" unaorushwa mitandaoni.

Mbwa wa kunusa: mbwa akibweka au kukaa chini ameonesha mahali pa kuchimba na kupima, basi. Bila kitu kilichopatikana pale na kuthibitishwa maabara, hiyo ni ishara tu.

Mashine ya kupima uongo: inapima mapigo ya moyo, pumzi, shinikizo la damu na jasho. Uongo wenyewe haina uwezo wa kuupima. Mahakama nyingi haziyapokei matokeo yake. Mzazi akikataa kupimwa kwa ushauri wa wakili wake, hilo halithibitishi chochote.

Vinasaba vya baba kwenye shuka la mwanawe: vingekosekana ndio ungekuwa muujiza.

Mnara wa simu: unasema simu ilikuwa upande fulani wa mnara fulani. Mjini hilo ni eneo la mitaa kadhaa, na sehemu zenye minara michache ni kilomita nyingi. Anayekuambia "simu ilisomeka nyumbani kwa fulani" kwa kutumia mnara peke yake anakudanganya au kadanganywa.

Kamera za ulinzi ndipo watu wanapoharibu zaidi. Saa ya kamera huwa haiko sawa, inaweza kupishana na saa halisi kwa dakika kadhaa au hata saa nzima. Ukirusha kipande chenye saa isiyo sahihi, mtu aliyepita kihalali dakika ishirini baadaye anageuka mtekaji. Linganisha saa ya kamera na saa ya simu, andika tofauti, usirekebishe kitu kwenye mashine. Nyingi hurekodi juu ya rekodi za zamani, nyingine baada ya wiki moja tu, kwa hiyo nakili leo, faili zima kama lilivyo, kuanzia saa kadhaa kabla ya muda unaotajwa. Kurekodi kioo kwa simu ni kuharibu ubora. Ukimaliza, wapelekee polisi. Kundini usiweke.

Admini Asiyelala
Kwa wanaoendesha makundi. Siku ya kwanza bandika juu posti moja tu: picha, mavazi, mahali na saa ya mwisho kuonekana, simu ya polisi na namba ya kumbukumbu ya kesi, tarehe na saa ya posti yenyewe. Tarehe iandikwe ndani ya picha, maana maelezo ya chini hupotea watu wakisambaza. Namba ya mama usiiweke hata kidogo. Itapigwa na matapeli, waganga na watukanaji, mpaka yule mwenye taarifa ya kweli akute laini ina shughuli.

Washa uhakiki wa maoni kabla hayajatoka. Weka kichujio cha majina: mzazi, mjomba, mwalimu, jirani. Likitajwa jina la mtu, lisitoke hadharani. Kosa kubwa la maadmini wapya ni kufuta moja kwa moja. Usifute, ficha. Hifadhi skrinishoti yenye jina la akaunti, tarehe na saa, kisha peleka kwa mpelelezi, kwa sababu kati ya matusi hamsini linaweza kuwepo neno la mtu aliyeona. Ukielemewa, funga maoni usiku. Usiku ndio uvumi unapopanda na wa kuukanusha wamelala.

Mkesha
Nyongeza kwa admini: kabla ya kusambaza hakikisha polisi wenyewe wametangaza. Kuna mama anayekimbia kipigo na wanawe, halafu mume anatoa tangazo la "mtoto wangu amepotea" ili umma umsaidie kumsaka. Linasambaa kwa nia njema kabisa. Tangazo lisilo na kituo cha polisi wala namba ya kesi liache hapohapo, na ukimwona mtoto mwenyewe wapigie polisi, usimpigie aliyetangaza.

Picha za zamani pia zinazunguka. Itafute picha kinyumenyume kwenye injini ya utafutaji uone ilianza lini. India, 2017 na 2018, watu waliuawa na makundi yenye hasira kwa tetesi za wateka watoto. Moja ya video zilizosambaa ilikatwa kutoka kwenye tangazo la Karachi, Pakistani, la kuhamasisha ulinzi wa watoto. Kwenye video kamili mtoto anarudishwa palepale, ila kipande hicho kiliondolewa. Julai 2018 WhatsApp ikaanza kuzuia kufowadi zaidi ya mazungumzo 5 kule India, na Januari 2019 dunia nzima. Agosti 2018 huko Acatlán, Mexico, wanaume wawili wasio na hatia walichomwa moto kwa tetesi za aina hiyohiyo.

Mzee wa Nyika
Utafutaji. Usiende mwenyewe na vijana kumi mkakanyaga kila mahali. Mbwa anafuata harufu, nanyi mnaifunika kwa za kwenu. Jiandikishe kwa kiongozi wa msako, upewe eneo, ukimaliza alama iwekwe kwenye ramani. Maji kwanza: madimbwi, visima, mabwawa, mifereji. Mtoto mwenye usonji huvutwa sana na maji, na kuzama ndicho chanzo kikuu cha vifo kwa watoto hao wanapotangatanga. Ukikuta nguo au kiatu usiokote. Simama, weka alama pembeni, piga picha, ita.

Nyumbani, shuka na foronya za mtoto zisifuliwe, mswaki na chanuo lake visiguswe. Wageni wa pole wakaribishwe nje au chumba kingine. Majirani wema wakishafagia na kudeki, harufu na vinasaba ndiyo basi tena.

Binti Mwalimu
Lakini wakuu, tusijifanye. Mara nyingine mzazi ndiye.

Kachero Mstaafu
Mara nyingine ndiye, sikatai. South Carolina, Oktoba 1994, mama mmoja alisema mwanamume mweusi kamnyang'anya gari na wanawe wawili wakiwa ndani. Nchi ikamlilia, wanaume weusi wakasimamishwa na kuhojiwa. Baada ya siku 9 akakiri mwenyewe kuwa alilitosa gari ziwani. Umma ulikuwa umemwamini kwa sababu alilia vizuri. Geuza upande wa pili: Jaycee Dugard, miaka 11, alitekwa California tarehe 10 Juni 1991. Baba yake wa kambo aliona kwa macho yake, akalifukuza gari kwa baiskeli, na bado akaishi chini ya wingu la shuku hadi msichana alipopatikana hai Agosti 2009. Miaka 18. Kesi zote mbili umma ulikosea, na kila mara kwa uhakika uleule.

Shuku yako iandike, iwe na sababu unayoweza kuitaja, ipeleke kituoni. Huko itapimwa. Mtandaoni haipimwi, inapigiwa kura.

Karani wa Mahakama
Kwa waliochafuliwa majina: usijibizane. Kusanya skrinishoti zenye anwani ya ukurasa, tarehe na saa, kisha ripoti kwa mtandao husika na mwone wakili. Kama kuna vitisho, polisi kwanza. Na anayedhani kusambaza cha mwenzie si kosa ajue kuwa nchi nyingi humhesabu msambazaji kama mchapishaji. Katika kesi ya Madeleine McCann, aliyetoweka Ureno tarehe 3 Mei 2007, magazeti ya kundi la Express la Uingereza yaliomba radhi ukurasa wa mbele Machi 2008 na kulipa pauni 550,000 kwa kuwachafua wazazi. Mkazi mmoja wa kule Ureno naye alilipwa na magazeti kadhaa pauni 600,000 Julai mwaka huo. Hao walimudu mawakili. Muuza duka anayechafuliwa kwenye kundi la mtaa kwa kawaida huhama tu.

Tena kesi ikifika mahakamani, posti zako ndizo wakili wa utetezi atakazozitumia kusema mteja wake hawezi kupata haki, au kwamba shahidi alikwishaoneshwa picha ya mtuhumiwa kabla ya gwaride la utambulisho. Mwenye hatia halisi anaweza kuponea hapo.

Mshika Taa
Na akipatikana?

Admini Asiyelala
Hariri posti ileile, usianzishe mpya: andika AMEPATIKANA kubwa juu ya picha pamoja na tarehe, iache siku mbili tatu ili waliosambaza waione, kisha futa picha na jina. Usieleze alikokuwa, alikuwa na nani wala alifanyiwa nini, hata kama familia yenyewe imekuambia. Kama alidhulumiwa kingono, sheria za nchi nyingi zinakataza jina lake kutajwa kuanzia siku hiyo, na posti zako za jana zimo humo. Waombe walioshea wafute zao, mmojammoja, kwa ujumbe wa faragha. Inachosha, najua. Miaka kumi ijayo huyo mtoto ataandika jina lake kwenye fomu ya kazi, na mwajiri ataliandika kwenye injini ya utafutaji.