Eti Morogoro kijijini! Tena kwenye maiki!

Kasoro Bahari (mleta uzi):
Wakuu, ndiyo naingia ndani, hata viatu sijavua. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule ambaye shughuli haiishi bila yeye kung'ang'ania maiki.

Leo kwenye sendofu ya binti yetu hapa Dar, umefika wakati wa kututambulisha upande wa mama. Wazee wamepiga suti, mama wadogo na vitenge vyao vya sare. Jamaa anakohoa kidogo, anasema: "Na sasa tuwapigie makofi wageni wetu waliotoka kijijini Morogoro."

Kijijini! Kwenye maiki! Spika zilikuwa kila kona, nadhani hata samaki wa Feri wamesikia.

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba mkubwa, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshainua mkono kuwapungia watu. Mkono ukabaki hewani, hajui apunge au aushushe.

Kijiji kina mwenyekiti wa kijiji. Moro tuna meya! Ni manispaa ile. Sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya watu 470,000, wakati Tanga, ambayo ni jiji, haikufika 400,000. Kijiji gani kina chuo kikuu kama SUA? Kijiji gani kinashusha watu wa treni ya umeme? Na maji anayoogea huyo bwana yanatoka Uluguru, yanamfuata kwa Mto Ruvu mpaka bafuni kwake.

Halafu mwenyewe anakaa Kibamba. Kibamba ni Manispaa ya Ubungo! Tangu Februari 2021 Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kwa hiyo yeye ni mtu wa manispaa kama mimi, ila yeye alikuwa na maiki.

Baba mkubwa hajagusa pilau. Mtu mzima, mbele ya wakwe, mkono juu. Kijijini! Naomba basi lake lizimike stendi yetu ya Msamvu saa saba mchana, aje atuombe maji ya kunywa.

Mzee wa Viti Virefu:
Mkuu pole, ila umeandika kama umepokonywa shamba. Kunywa maji ya Ruvu ulale.

Waja Leo:
Sasa Tanga imeingiaje hapa? Umetukanwa na mtu wa Kibamba, hasira unakuja kuzimalizia kwetu. Tanga ilikuwa na bandari na reli nyie bado mnawinda nyani milimani. Jiji si kuhesabu vichwa.

Kasoro Bahari:
@Waja Leo nimetaja sensa tu. Aliyesema kijijini, kwenye maiki, si mimi.

Binti Kihonda:
Nilikuwepo ukumbini. Kweli mkono ulibaki juu. Mama mdogo ndiye aliyeushusha taratibu akampa soda.

Mbalizi Kwanza:
Nyie mna meya mnalia? Sisi Mbalizi ni mamlaka ya mji mdogo, kwa hiyo chini yetu hakuna mitaa, kuna vitongoji. Ghorofa zipo, magari ya Tunduma yanapita usiku na mchana, lakini barua yangu ya utambulisho imegongwa muhuri wa MWENYEKITI WA KITONGOJI. Nimeipeleka benki Mbeya mjini, dada wa dirishani akaisoma, akaniangalia, akaniuliza, "Huko umeme umefika?" Hicho ndicho kilio.

Mzee wa Viti Virefu:
Hahaha! Huyu ndiye angefungua uzi. Mleta mada kaa pembeni kidogo.

Msomali wa Makambako:
Makambako ni Halmashauri ya Mji na bado ndugu zangu wa Dar wakipiga simu wanauliza "huko kijijini mvua imenyesha?" Mvua imenyesha ndiyo, kwenye lami.

Kip wa Eldy:
Jirani zenu huku Kenya tuko na shida hiyo hiyo. Eldoret tulipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, Rais mwenyewe akaja. Krismasi ikifika, watu wa Nairobi wanapanda matatu wakisema wanaenda ushago, yaani kijijini. Ushago gani na ni jiji?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Nyie wote afadhali. Sie Unguja mtu kazaliwa mitaa ya Ng'ambo, kakulia Ng'ambo, akivuka Darajani kwenda Forodhani husema "nakwenda mjini". Kwani alikuwa wapi? Na wa Fuoni ndo kabisaa, huitwa mtu wa shamba na nyumba zimebanana hata pa kuanika kanga hapana.

Waja Leo:
Bi Mkubwa wewe tuachie mji, tuambie urojo wa Forodhani mbona umepanda bei.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:
Hiyo ya watalii mwanangu. Njoo Ng'ambo ule wa watu.

Kasoro Bahari:
Wakuu turudi kwenye hoja. Mtu ameshika maiki, anawaita wazee wangu...

Mzee wa Viti Virefu:
Tumesikia mkuu, mkono juu.

Chuma cha Reli:
Samahani natoka nje ya mada. Viwanja vya Kihonda siku hizi vinauzwaje? Nataka kuhamia Moro, niwe napanda treni asubuhi kuja kazini Dar.

Binti Kihonda:
Vipo. Upande gani unataka, karibu na barabara au ndani? Njoo inboksi.