Naomba ushauri: sherehe ya urafiki shuleni

Walimu wenzangu, hamjambo? Nafundisha gredi ya nne huku Kakuma, Turkana. Darasani nina Waturkana, Wasomali, Wakongo na watoto wa Sudan Kusini. Tunataka kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Urafiki, Julai 30. Tulianza na ngoma za kila jamii, lakini mazoezini wakajitenga, yakawa mashindano, tena ya kelele! Nikawapanga wawili wawili wa jamii tofauti. Waliofika karibuni hawajashika Kiswahili, basi wanabaki kutazamana. Mpira tu ndio unawachanganya, ila wasichana wengi hawachezi.

Je, kuna mchezo au kazi ya mikono ya kuwafanya wategemeane bila maneno mengi? Na chakula, wazazi wachangeje bila wasio na uwezo kuona haya? Natanguliza shukrani.