Naomba ushauri: dogo kaingia chuo, mitupo ya mbali imekataa

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anacheza kikapu chuoni Marekani, mwaka wa pili sasa. Sekondari alikuwa moto kwa pointi tatu. Chuoni mpira unagonga ringi kwa mbele na kurudi.

Najua mstari wa pointi tatu umesogea mbali zaidi na ringi. Sekondari kule ni mita 6.02, chuo kwa wanaume ni 6.75 tangu msimu wa 2019. Sentimita 73 si mchezo. Ila nikitazama video zake naona jingine: mpira anauanzia chini karibu na nyonga, kiwiko kimetoka nje, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kinausukuma mwishoni, hivyo unazunguka kiubavu. Akiwa peke yake anafunga. Beki akimsogelea tu, anaharakisha kabla miguu haijatulia, basi tena.

Kocha kamwambia asibadilishe chochote katikati ya msimu. Namuelewa, maana mazoezi ya timu yana ukomo wa saa 20 kwa wiki na mengi yanaishia kwenye mipango ya timu na ulinzi. Kinachonitisha zaidi ni mitupo huru: anakosa hata hiyo, na pale hakuna beki!

Mliowahi kucheza au kufundisha: aanze upya karibu na ringi, kwa mkono mmoja, kisha arudi nyuma taratibu? Au abaki na mtindo wake, aongeze idadi tu? Na ikichukua msimu mzima, dakika zake uwanjani atazilindaje?