Vinyago vya mpingo tunavyochonga Mtwara ni vyetu au ni vya watalii?

mjomba_chikongola
Wakuu habari za jioni. Kuna ishu inanikera, wenye uelewa naomba mnisaidie. Mpwa wangu anachonga vinyago hapa Mtwara mjini, kazi kajifunza kwa babu yake. Juzi kaja mteja mmoja msomi, kachukua shetani la mpingo, kinyago cha jitu la ajabu, kaligeuzageuza weee afu akasema hii sio sanaa ya Wamakonde, wafanyabiashara ndo waliwatungia ili wawauzie wazungu, asili yenu ni mapiko tu, yale ya kuvaa kichwani kwenye ngoma. Dogo kavunjika moyo, tangu siku ile tezo hajaigusa. Sasa nauliza, kitu kikianza kwa kuuziwa mgeni ndo kinakuwa sio chetu? Na kama ni hivyo chetu ni kipi, maana huku kusini kila unachoshika kimechanganyika.

mwana_newala
Mkuu huyo mteja kasema nusu. Shetani kama staili ya kuuza inahusishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetokea Msumbiji, miaka ya 1950 mwishoni kule Dar, na aliyekuwa ananunua kazi zao dukani kwake ni Mohamed Peera, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi. Hapo sawa. Lakini kwani Peera ndo alishika patasi? Yale majitu yenye mguu mmoja, sijui jicho limehamia pembeni, ni nnandenga wale wale ambao bibi zetu walitutishia nao usiku tusitoke nje. Mwenye duka alileta hela na wateja, yaliyotoka kwenye gogo yalikuwa kichwani mwa mchongaji.

Na ujamaa je, ile nguzo ya watu wamebebana kuanzia chini mpaka juu? Hiyo inatajwa Roberto Yakobo Sangwani, naye katokea ng'ambo ya Ruvuma. Watu walivuka kutafuta kazi mashamba ya mkonge, wengine wakaja wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, wakafika huku na mikono yao.

Afu hayo mapiko anayoyaita ndo asili. Yanachongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mtu anavaa kichwani na anacheza nalo, na enzi za Mreno kule Msumbiji walichonga mpaka sura za wazungu wenyewe wakawacheza uwanjani. Mwambie mteja wako na hayo nayo ayatoe kwenye asili tuone kitabaki nini.

binti_masoko
Naongezea kutoka Kilwa. Nenda Kisiwani kwenye ule msikiti mdogo wa makuba, wajenzi walipachika bakuli za kauri zilizovuka bahari kwenye dari, ukiinua shingo unaona zilipokaa. Ibn Battuta kafika hapa 1331 akakuta mji unajiendesha kwa biashara ya bahari, dhahabu ya Sofala, bandari ya huko Msumbiji, inapita hapa. UNESCO waliyaorodhesha magofu 1981, na sijawahi kusikia mtu anasema Kilwa sio ya Waswahili eti kwa sababu bakuli zilitoka ng'ambo.

Halafu tuugeuze huo mchezo. Mpingo wa misitu ya huku unachongwa klarineti na obo Ulaya. Muziki wao wanauita wao, na ni haki yao, lakini sauti inapita kwenye mti wetu. Kwa nini sisi tu ndo tuulizwe vyeti?

kaka_wa_lindi
Na ngoma ya beni msiisahau jamani. Ilianzia pwani kwa watu kuigiza bendi za jeshi, magwaride, vyeo, mashindano ya vikundi vya Marini na Arinoti, baada ya vita vya 1914 mpaka 1918 askari na wapagazi wakaitawanya bara mpaka Nyasa. Kitu cha kijeshi cha mkoloni kikawa ngoma ya watu.

mchonga_mpingo
Mi napingana kidogo, msinielewe vibaya. Mgeni kununua sio tatizo, tatizo ni mgeni kuwa ndo anayeamua. Vijana wanachonga Mmasai na mkuki, Mmasai na mkuki, kutwa nzima, na mti mweupe unapakwa dawa ya viatu uonekane mpingo. Mpingo wenyewe nje una rangi ya maziwa na kiini cheusi, fundi mzuri anauacha ule weupe uonekane.

Na kubadilishana sio kila mara ni haki. Kuna lipiko, yaani piko moja katika hayo mapiko, liliibwa Makumbusho ya Taifa Dar mwaka 1984, likaja kuonekana makumbusho ya Barbier-Mueller kule Geneva, limerudishwa 2010. Miaka yote hiyo watu wa huko walikuwa wanalitazama na sisi hatuna. Kwa hiyo mwambie dogo achonge shetani kwa raha zake, ila aende na kwa wazee akasikilize hadithi, asichonge kwa kuangalia picha za simu. Ya jandoni hayo hayasemwi humu.

mjomba_chikongola
Nimewasoma wote asanteni sana, nimempa dogo simu asome mwenyewe hapo kwa mwana_newala karudia mara mbilimbili. Sasa anataka gogo zuri la mpingo aanze nguzo ya ujamaa kubwa, tutapata wapi bila matatizo?

binti_masoko
Kuna vijiji huku Kilwa vina misitu yao na vinavuna kwa mpango, kaulize ofisi ya misitu wilayani watakuelekeza kijiji. Chukua risiti na kibali cha kusafirishia kabla gogo halijapanda gari, ukikamatwa barabarani huna karatasi umepoteza mti na hela.

mjomba_chikongola
Poa dada, Jumatatu tunapanda basi.