Mvua ikikatika mimi hutoka kutembea. Ni mimi tu?

FundiCherehani_Moshi

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kibarazani Majengo hapa Moshi, umri miaka 53. Nina ugonjwa mmoja, nataka kujua kama mko wenzangu. Mvua ikikatika tu, hata kama nina gauni la mtu linalotakiwa kesho asubuhi, naliacha na sindano yake palepale, navaa yeboyebo, natoka. Siendi popote. Natembea.

Sasa hilo la kutokwenda popote ndilo tatizo. Mtaani kwetu ukipita lazima uulizwe, "Mama, wapi tena?" Ukijibu "natembea tu," mtu anakuangalia kama vile umefiwa na bado hujaambiwa. Kuna jirani alimpigia simu binti yangu yuko Arusha, eti mama yako anazunguka peke yake kwenye matope, njooni mumwangalie. Tangu siku hiyo nabeba kikapu. Kitupu kabisa. Ukiwa na kikapu hakuna anayeuliza, wanajua unaenda sokoni, hata kama ni saa kumi na mbili jioni na wauza nyanya wanafunika meza.

Juzi ilipiga ile ya vuli, inayokuja na upepo wake. Nilipotoka mabati bado yanadondosha. Mijakaranda ilikuwa imemwaga maua yote, barabara nzima zambarau, ukiyakanyaga yanapasuka pwa pwa chini ya kiatu. (Yanateleza pia, niliponea kwenye nguzo ya umeme.) Kuku walikuwa wanatoka chini ya toroli mmoja mmoja, wanajikung'uta. Watoto wameziba mfereji kwa matope, wanashindanisha ndala, na ndala moja naijua, ni ya mjukuu wangu, nilinunua wiki iliyopita. Nikajifanya sijaona.

Nikafika pale nyumba zinapoachia uwazi, nikageukia kaskazini. Mlima umefunguka. Kibo yote, na theluji mpya imeshuka chini kuliko ilivyokuwa wiki nzima. Ile ile iliyokuwa inapiga mabati yangu, kumbe kule juu inaanguka nyeupe. Nikamwambia kijana wa duka aliyekuwa anarudisha mikate nje, "Angalia mlima." Akasema, "Si upo kila siku, mama?" Kabla sijamjibu wingu likafunga.

Maswali yangu mawili. Kwanza ile harufu ya udongo: kwa nini mvua ya kwanza inanukia mpaka unatamani kuula, halafu ikinyesha siku ya tatu mfululizo hainukii tena? Pili, nyinyi mkitembea mnasingizia nini?

KijanaWaKigogo

Shikamoo mama. Harufu hiyo unayoisema sisi wa Kigogo, Dar, tunaisikia dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo kuna majirani wanatapisha vyoo, maana wanajua maji yatabeba yote mpaka Mto Msimbazi. Kwa hiyo huku mvua ikikatika hatutembei, tunaruka. Tofali, kiroba cha mchanga, tairi, tofali. Pale njia panda vijana wenye mkokoteni wanavusha watu kwa 500, na ukiwa na suti ni 1,000.

Ila nisidanganye, kuna jioni nilitoka kutafuta vocha nikakuta kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya muuza chipsi. Bibi mmoja ameweka beseni la maji chini ya taa, wanaanguka wenyewe. Akanipa konzi moja ya waliokaangwa bila mafuta, chumvi tu. Nilisahau vocha.

Shambani_Moro

Mama shikamoo. Nasoma kilimo Morogoro. Somo la udongo lilinitesa, ila hili nalikumbuka.

Harufu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kitu kinaitwa jeosmini. Kinatengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo, hasa jamii ya Streptomyces, na pua ya binadamu inakikamata hata kikiwa kidogo mno. Kiangazi udongo ukikauka, vitundu vyake vinajaa hewa, na mafuta ya mimea nayo yanajikusanya humo. Tone likianguka kwenye udongo mkavu linaibana ile hewa, hewa inapanda kama povu la soda, inapasuka juu na kurusha vumbi la maji lenye harufu. Upepo unakuletea kibarazani. Siku ya tatu vitundu vimejaa maji, hewa ya kubanwa hakuna. Ndiyo maana hata rasharasha inanukia kuliko mvua ya kumwaga. Watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, ndio walioipa jina la petrikori, mwaka 1964.

Na jikoni unakutana nayo. Perege wa bwawani anayenuka tope, ni jeosmini hiyo hiyo. Mama zetu wakimlowesha kwenye ndimu wanajua wanachofanya, kwa sababu asidi inaivunja.

Kusingizia: mimi nasema naenda kuprinti. Hajawahi kuuliza mtu naprinti nini.

BarazaNjeNdani

Assalaam alaykum. Mie mtu mzima, niko Mji Mkongwe, Unguja. Bibie, wewe unajitesa kwa kukosa neno tu. Huku kwetu mtu hasemi "natembea tu." Anasema "nanyoosha miguu" au "napunga upepo," na hapo mazungumzo yamekwisha, anakaribishwa kahawa.

Vichochoro vyetu mvua kubwa hugeuka mito. Hapo ndipo mtu anapofahamu faida nyengine ya mabaraza: unapita juu yake kutoka mlango hadi mlango, viatu mkononi, huku unaomba radhi kwa waliokaa. Kuna mzee mwenzangu yeye habanduki, anataka umrukie. Na ukuta wa mawe na chokaa ukirowa una harufu yake, si ya udongo. Ni kama mtungi mpya uliotiwa maji mara ya kwanza. Huyo kijana wa kilimo atwambie hiyo nayo ni bakteria?

Shambani_Moro

Mzee shikamoo. Hiyo sikusomeshwa, ila mawe makavu nayo yananyonya yale mafuta ya mimea niliyoyataja. Hao watafiti walianzia kwenye mawe na udongo uliokaushwa.

FundiCherehani_Moshi

Marahaba wanangu, na wewe kaka wa Unguja waalaykum salaam. Kijana wa Kigogo, pole sana, na hiyo ya suti nimecheka peke yangu.

Leo imepiga tena. Nikatoka bila kikapu, nina neno langu mdomoni. Wa kwanza kuniuliza ni mama muuza ndizi. Nikamwambia, "Nanyoosha miguu." Akaniangalia miguu. Akasema, "Basi ukipita sokoni uniletee vitunguu vya elfu moja," akanishikisha noti.

Nimerudi na vitunguu vya watu nimevifunga kwenye pindo la kanga, mlima sikuuona, na gauni la yule dada wa sendofu bado lina sindano palepale. Kama yumo humu, mwanangu, kesho saa nne litakuwa tayari.