MREJESHO: Mashindano ya sarakasi za ndege za rimoti

Wakuu, niliwauliza kama huku Marekani mtu mwenye ndege ndogo ya povu anaweza kuingia mashindano ya IMAC (klabu ya sarakasi za ndege ndogo za rimoti), au lazima anunue lile dude la petroli.

Anaweza. Daraja la Basic linapokea ndege yoyote. Sharti la kufanana na ndege halisi ya sarakasi ni la madaraja ya juu. Uwe tu na uanachama wa AMA (chama cha warusha ndege ndogo Marekani) na cheti cha TRUST, mtihani wa usalama wa bure mtandaoni.

Kazi ipo kwenye upepo. Duara lazima lionekane duara kweli machoni pa majaji: unaongeza nguvu ya mota ukipanda, unapunguza kileleni, ukishuka unaachia kabisa, huku usukani wa mkia ukizuia ndege isisukumwe pembeni. Kila umbo unalochora angani huanzia alama 10, dosari zinakatwa, zinazobaki zinazidishwa kwa kiwango cha ugumu. Msaidizi wa kukusomea husimama begani kwako akikutajia umbo linalofuata, raha sana!

Mkuu uliyesisitiza nianze na mistari iliyonyooka, asante mno. Alama zangu nzuri zimetoka huko. Msimu ujao naendelea na ndege hii hii.